Risasi za teke jepesi kwa rivolva ya .357: nipunguze baruti au nibadilishe vifaa?

Kibo_Texas

Wakuu, habari za humu. Nina rivolva ya chuma ya .357 Magnum, mtutu inchi 4, uzito kama wakia 36 ikiwa tupu. Presi (mashine ya kujazia risasi) ninayo ya hatua moja na dai (kalibu za presi) za kabidi za .38/.357. Nataka kujaza risasi za mazoezi zenye teke dogo kabisa (yaani bunduki isirudi nyuma kwa nguvu), za kufundishia wanaoanza na za mtu mwenye kifundo cha mkono kibovu.

Vilivyopo mezani: kopo la baruti ya H110, vichwa vya greini 158 (greini ni kipimo kidogo cha uzito) vyenye koti la shaba, maganda ya .357 yaliyokwisha pigwa, na fataki ndogo za magnum (vile vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti). Kitabu cha vipimo kinatoa kiwango cha chini na cha juu, ila vimekaribiana mno na vyote vinapiga teke la punda. Nikichukua nusu ya kile cha chini, nitapata nusu ya teke? Kama kuna njia nyingine naomba ielezwe hatua kwa hatua. Jibu la "kanunue za dukani" nimeshalipata kwingine.

MzeeWaMizani

Mkuu, kwa mpango huo usijaze hata moja.

H110 ni baruti inayoungua polepole, na huendelea kuungua pale tu inapobanwa: ganda limejaa, kichwa kizito, mdomo wa ganda umebanwa sawasawa. Ukiiwekea ganda nusu tupu, mwali wa fataki unasukuma kichwa kwanza kabla baruti haijashika. Nafasi ya nyuma inapanuka, presha inaporomoka, baruti inazimika njiani. Kichwa kinabaki ndani ya mtutu na punje mbichi zinamwagika kwenye silinda. Wakati mwingine inashika kwa kuchelewa, wewe umeshaanza kufungua silinda. Hodgdon wanaoiuza wameandika wenyewe kwamba H110 na W296 zisipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Ndiyo maana viwango viwili vya kitabu chako vimekaribiana hivyo.

Teke jepesi linatafutwa kwa kubadilisha baruti na kichwa, kisha kukaa ndani ya viwango vilivyochapishwa kwa mchanganyiko huo huo. Kiwango cha chini cha kitabu ni sakafu, na chini yake hakuna aliyekupimia.

Twende kwenye hesabu uone faida yake. Risasi ya .357 yenye kichwa cha greini 158 kikitoka kwa futi 1,250 kwa sekunde, ndani ya bunduki ya wakia 36, inarudisha nishati ya kama jouli 12 hadi 13 mkononi. Kichwa bapa cha greini 148 cha .38 Special (risasi fupi inayoingia pia kwenye rivolva ya .357) kikitoka kwa futi 700 kinarudisha kama jouli 2.5. Hiyo ni sehemu moja ya tano, kwa bunduki ile ile. Na sehemu ya tofauti inatokana na baruti yenyewe: gesi nayo ina uzito na inatoka kwa kasi kuliko kichwa, kwa hiyo greini 15 za baruti ya polepole zinaongeza teke ambalo greini 3 za baruti ya haraka haziwezi kuongeza. (Namba hizo za baruti ni za kukadiria teke tu, zisichukuliwe kama kipimo cha kujaza.)

Tena usidhani ukiwa na risasi hiyo bunduki yoyote itakuwa laini. Kale karivolva ka mfukoni ka wakia 15 kikipiga risasi ile ile ya 148 kinarudisha jouli 6 na ushee. Wanaoanza wapewe chuma kizito, vile vyepesi ni vya kubeba.

Manunuzi yako basi: vichwa vya madini ya risasi vya greini 148 bapa, yaani wadkata, au vya greini 125 hadi 158 vya kumiminwa, kipenyo inchi 0.358. Baruti ya haraka mojawapo: HP-38 (W231 ni hiyo hiyo, kopo tofauti), Bullseye, Titegroup au Red Dot. Fataki ndogo za bastola za kawaida. Za magnum zihifadhi kwa ajili ya hiyo H110.

ChumaBaridi

Nakazia suala la koti. Kichwa chenye koti la shaba kinang'ang'ania mtutu kuliko cha madini ya risasi, kinahitaji presha kubwa zaidi kupita. Ukishuka na koti unafika mahali kinasimama katikati. Madini ya risasi ni laini, yana mafuta yake, yanapita kwa presha ndogo. Kwa teke dogo acha koti kabisa. Hivi vilivyopakwa rangi ya plastiki ngumu navyo vinafaa, na havichafui mtutu sana.

Ndani ya wadkata kuna aina mbili, usizichanganye. Moja ina shimo kubwa kitakoni, kama kikombe, na ni laini sana. Ina shabaha nzuri ajabu kwa mwendo mdogo, lakini ukiisukuma kwa nguvu kuta za kile kikombe zinaweza kukatika na pete ya madini ikabaki ndani ya mtutu. Ile ya pili imeziba pande zote mbili na ni ngumu kidogo, hiyo inavumilia. Kipimo cha moja si kipimo cha nyingine. Wala usichukue kipimo cha kichwa cha mviringo cha uzito ule ule ukakiweka kwenye wadkata iliyozama hadi usawa wa mdomo. Wadkata inaingia ndani sana, inakula nafasi ya baruti, na nafasi ikipungua presha inapanda haraka. Uzito mmoja, umbo tofauti, ni risasi tofauti.

MzeeWaMizani

Sasa kazi ya mezani. Nitakwenda taratibu pale panapoua watu.

Anza na maganda. Yakague kwa kidole na kwa jicho mdomoni. Ufa mdogo kama unywele unatosha kulitupa. Yaliyopakwa nikeli yanang'aa lakini mdomo wake unapasuka mapema kuliko ya shaba nyeupe. Tenganisha kwa maandishi ya kitakoni, kwa sababu kuta hutofautiana unene. Urefu wa juu wa ganda la .38 Special ni inchi 1.155, na la .357 ni 1.290. Ukichanganya marefu na mafupi ya aina moja, kubana mdomo kutatoka kombo: moja limebanwa sana, jingine halijaguswa.

Dai ya kwanza inarudisha ganda kwenye kipimo na kusukuma fataki ya zamani nje. Ya kabidi haihitaji mafuta. Dai ya pili inapanua mdomo. Panua kiasi cha kitako cha kichwa kusimama bila kushikwa, basi. Ukipanua mno shaba inachoka, na ukipanua kidogo mno ukingo wa ganda unanyoa madini ya kichwa, unaona pete ya mabaki ya kijivu kwenye mdomo. Fataki iingie hadi iwe chini kidogo ya usawa wa kitako. Pitisha kidole: ukihisi kinundu, haijafika.

Halafu baruti, na hapa ndipo penyewe. Ganda la .38 Special lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa baruti nyeusi, iliyokuwa ikijaza ganda. Baruti ya leo ya moshi mdogo inakaa chini kabisa, sehemu ndogo ya nafasi. Maana yake vipimo viwili vinaingia ndani ya ganda moja bila kumwagika, na kichwa kinakaa juu yake kana kwamba hakuna kitu. Ukomo wa presha wa .38 Special kwa viwango vya SAAMI (chombo cha viwango cha watengeneza silaha na risasi Marekani) ni paundi 17,000 kwa inchi ya mraba. Dozi mbili za baruti ya haraka hazikupeleki kwenye mara mbili ya hapo, zinakupitisha mbali, kwa sababu presha haipandi kwa mstari ulionyooka.

Dawa ni utaratibu. Kopo moja tu la baruti mezani, mengine yote kabatini. Kibao cha matundu 50 upande wa kushoto, maganda yamepinduliwa mdomo chini. Chukua ganda moja, ligeuze, weka baruti, lipeleke kwenye kibao cha kulia. Ganda lililo mdomo chini haliwezi kuwa na baruti, na lililo mdomo juu haliwezi kurudi kwenye kipimio (kifaa cha kumwagia dozi ya baruti). Yote 50 yakishajaa, shika tochi uangalie kila tundu kutoka juu, mstari kwa mstari. Baruti iwe usawa mmoja. Lenye kilima au lenye giza unalitoa, unamwaga, unapima upya. Usianze kuweka vichwa kabla ya ukaguzi huo.

Ukikatizwa na simu au mtoto kuita, ganda lililo mkononi limwage urudie. Usijiulize "niliweka au sikuweka".

Kibo_Texas

Shukrani wakuu, hapa nimepata darasa. Maswali matatu. Moja, mizani: ninayo ya elektroniki ya bei nafuu, inatosha? Mbili, nitumie maganda ya .38 au ya .357 niliyonayo? Tatu, kati ya hizo baruti ipi inanionyesha dozi mbili kwa urahisi?

ChumaBaridi

Mizani kwanza. Inatosha kama ina uzito wa kuipimia na unautumia. Hizi za elektroniki huyumba: feni ikiwaka, simu ikiwa karibu, au ikiwa bado ni baridi. Iwashe mapema ipate joto, ipime kwa ule uzito, endelea, uipime tena katikati ya kazi. Angalia na kioo chake kinaonyesha greini au gramu, maana kitufe kimoja hubadilisha. Greini 3 ni gramu 0.19 tu. Kosa la greini 0.3 ambalo kwa bunduki ya kuwindia ni vumbi, hapa ni asilimia 10 ya dozi nzima.

Kipimio cha kumwaga kikirekebishwa, usipime dozi moja ukaridhika. Mwaga 10 kwenye kisahani, pima jumla, gawanya kwa 10. Tupa zile za mwanzo kabla baruti haijatulia ndani ya tangi. Kisha kila baada ya ganda la kumi pima moja. Na mkono uwe na mwendo ule ule juu na chini. Ukigonga mara nyingine kwa nguvu dozi inabadilika.

Maganda: nunua ya .38. Ni mafupi, nafasi tupu ni ndogo, na vipimo vya teke dogo vilivyochapishwa kwa ajili yake ni vingi kuliko vya .357. Kero yake ni moja: yakipigwa kwenye chemba (tundu la silinda) ya .357 yanaacha pete ya masizi mbele ya mdomo wa ganda. Siku utakayorudi kwenye .357 kamili, ganda refu litakwama hapo, au mdomo wake utashindwa kufunguka vizuri kuachia kichwa na presha kupanda. Brashi ya shaba ya chemba, dakika chache, pete inatoka. Usiiache ikajijenga mwezi mzima.

BenchiLaNyuma

Hapo kwenye maganda sikubaliani moja kwa moja. Maganda ya .357 yanafanya kazi hii vizuri tu, mradi kipimo kitoke kwenye ukurasa wa .357 na si wa .38. Washiriki wa mashindano ya kikauboi wanapiga risasi za hivyo kila wikiendi. Kanuni za SASS, chama cha mashindano hayo, zinataka kichwa kisishuke chini ya futi 400 kwa sekunde na uzito mara mwendo gawanya kwa 1,000 usipungue 60, na kwa rivolva kisivuke futi 1,000. Faida ni kwamba hakuna pete ya masizi.

Hasara naitaja mwenyewe: mtu akiokota risasi ya teke dogo yenye maandishi ".357 Magnum" kitakoni, hajui imebeba nini. Kwa hiyo ni sanduku la rangi tofauti na karatasi yake, na hazichanganywi kamwe.

Kuhusu kuona dozi mbili: Trail Boss ilitengenezwa kwa kazi hiyo hasa, punje zake zina tundu katikati, zinajaza ganda la .38 na dozi mbili zinamwagika. Ila imekuwa adimu madukani, na haishindiliwi. Kichwa kikiigandamiza presha inapanda. Red Dot nayo ina umbo la magamba makubwa, inaonekana vizuri. Titegroup ni nzito na ndogo, haijali sana imelala mbele au nyuma ya ganda, lakini dozi mbili zake zinajificha. Kwa anayeanza na kibao na tochi ningesema HP-38, inamwagika sawasawa kwenye kipimio. Red Dot yale magamba hukwama na kukata, unapata dozi pungufu halafu iliyozidi.

MzeeWaMizani

Mimi bado nabaki na .38 kwa mtu anayefundisha wageni. Maandishi ya kitakoni yanayosema ukweli ni kinga moja ya ziada, na pete ya masizi inafutika. Lakini hoja ya kipimo kutoka ukurasa sahihi iko palepale.

Kuhusu kubana mdomo: wadkata ikizama hadi usawa, kunja mdomo kidogo tu juu ya ukingo wake. Vichwa vyenye mfereji, bana ndani ya mfereji. Bunduki nzito na teke dogo havivuti kichwa nje ya ganda, kwa hiyo hapa kubana ni kwa ajili ya baruti ishike vizuri na mwendo usiyumbe. Ukibana kupita kiasi ganda linavimba chini ya mdomo na haliingii chemba.

DadaShabaha

Naona wote mko mezani, acha niingie uwanjani.

Dada au kaka yeyote anayepiga risasi za kujazwa nyumbani ajue sauti ya kichwa kilichokwama. Badala ya mlio unasikia "pu", mkono hauhisi kitu, moshi unatoka kwenye upenyo wa silinda badala ya mdomo wa mtutu. Karatasi haina tundu jipya. Hapo SIMAMA. Rivolva haina huruma kama bastola ya otomatiki inayokataa kujipakia. Ukivuta tena tu, silinda inazunguka na risasi nzima inakuja nyuma ya kichwa kilichoziba mtutu. Mtutu unavimba pete au unapasuka. Ndiyo sababu risasi mpya za kujaza zipigwe moja moja, kwa kuhesabu matundu, na siyo mfululizo.

Ukisimama, elekeza mtutu kwenye kifusi (tuta la udongo la kuzuia risasi) sekunde 30, maana huenda baruti inashika kwa kuchelewa. Kisha fungua silinda, toa zote, angalia kupitia mtutu ukiwa na hakika ni tupu. Silinda ikigoma kufunguka, huenda kichwa kimesimama nusu ndani ya silinda nusu ndani ya mtutu. Usigonge chochote, kwa sababu risasi hai bado zimo ndani. Mwite msimamizi wa uwanja, mtutu ukiendelea kutazama kifusi, na bunduki iende kwa fundi. Kama silinda imefunguka na ni tupu, kichwa cha madini ya risasi kinatoka kwa ufito wa shaba nyeupe unaojaa mtutu, tone la mafuta na nyundo ndogo. Ufito wa mbao hupasuka kwa mshazari, ukajibana kama kabari pembeni ya kichwa, sasa una vitu viwili vilivyokwama.

Kichwa kikikwama, risasi zote za fungu hilo hazipigwi tena. Zinarudi nyumbani zikafunguliwe kwa nyundo ya kung'olea vichwa. Unataka kujua kama moja ilikosa baruti au kipimo chote ni kidogo mno.

Na jaribio la kujua kama umeshuka mno ni hili. Weka kronografu, kile kifaa cha kupima mwendo wa kichwa. Piga tano ukianza kila moja kwa kuinua mtutu juu kidogo ndani ya uelekeo salama wa kifusi, kisha ushushe taratibu kwenye shabaha, ili baruti ilale upande wa fataki. Piga tano nyingine ukianza kwa kuinamisha mtutu, baruti ilale upande wa kichwa. Linganisha. Baruti zote zitaonyesha tofauti kiasi. Ikiwa fungu la pili limeshuka sana, au mwendo unaruka huku na huku risasi kwa risasi, ongeza baruti ndani ya kiwango cha kitabu, au badilisha baruti. Shabaha nzuri kwenye karatasi haitakuambia hili.

Dalili nyingine ya presha ndogo mno: fataki imechomoza nyuma baada ya kupigwa na silinda inazunguka kwa ugumu. Presha ya kawaida inasukuma ganda nyuma na kuirudisha fataki mahali pake. Ikiwa ndogo fataki inabaki nje ikikwaruza bamba la nyuma ya silinda.

Mengine mawili. Risasi hizi zisiingie kwenye bunduki ndefu ya .357 ya kukokota kwa mkono. Mtutu wa inchi 20 una msuguano mrefu na gesi kidogo, kichwa kinaweza kuishia njiani. Na msipige magogo magumu wala matairi: kichwa laini kinachokwenda polepole hurudi kwa mpigaji. Miwani kwa wote, hata anayetazama tu.

Mswahili_Dar

Naomba kuuliza pembeni. Hivi vifaa naweza kuagiza nikafanya hapa Dar? Ninamiliki bastola kihalali.

BenchiLaNyuma

Usiagize. Leseni ya kumiliki bastola si leseni ya kutengeneza risasi. Tanzania jambo hili liko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya liko chini ya Sheria ya Silaha sura ya 114, na kote kutengeneza risasi bila kibali ni kosa kubwa. Fataki na baruti zikikamatwa bandarini hakuna atakayesikiliza habari za mazoezi. Uzi huu ni wa walioko Marekani.

Hata Marekani kuna mipaka. Sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayejaza kwa matumizi yake, ila ukianza kuuza unahitaji leseni ya kutengeneza. Halafu hili linawapita wengi wetu: aliyeko kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi, hata moja, isipokuwa anaingia kwenye misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye makazi ya kudumu hana kizuizi hicho. Majimbo nayo yana yao, soma la kwako kabla ya kununua fataki.

DadaShabaha

Ongezeni na afya, hasa nyumba yenye watoto. Fataki zilizopigwa zina mchanganyiko wa madini ya risasi, na vumbi lake ndilo linaloingia mwilini kuliko vichwa vyenyewe. Mashine kavu ya kusafishia maganda ifunguliwe nje, si sebuleni. Ya maji na pini ndogo za chuma haina vumbi, ila yale maji machafu yasimwagwe kwenye karo la vyombo. Usile wala kunywa mezani, nawa kwa maji baridi na sabuni, nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, mahali pakavu pasipo joto. Kiwango cha NFPA 495 (kanuni ya Marekani ya kinga ya moto kwa vilipuzi) kwa nyumba ya kuishi ni paundi 20 za baruti ya moshi mdogo na fataki 10,000, lakini mji wako unaweza kuwa na kidogo zaidi. Usiifungie kwenye sefu ya chuma isiyopumua, moto ukifika hapo ndani inakuwa bomu. Kabati la mbao linafaa. Fataki zikae kwenye vifungashio vyake. Kumimina mia mbili ndani ya chupa ya kioo ni kutafuta mlipuko wa mkono.

Kibo_Texas

Mrejesho. Nimenunua maganda ya .38, vichwa bapa vya 148 vilivyoziba pande zote, HP-38 na fataki za kawaida. Nimetengeneza sita za majaribio zisizo na fataki wala baruti. Nne zinaingia kwenye silinda zenyewe, mbili zinasimama kabla ya kufika mwisho kama milimita 2. Nisukume kwa kidole gumba?

ChumaBaridi

Usisukume. Vizuri ulivyoanza na zisizo na roho.

Chukua moja iliyogoma, paka ubavuni wino wa kalamu ya kuandikia makopo, iingize polepole, itoe, uangalie wino umekwaruzika wapi. Wino ukitoka mara chini ya mdomo, pamoja na kivimbe unachoweza kukihisi kwa ukucha, umebana kupita kiasi: rudisha dai juu robo mzunguko. Wino ukitoka mdomoni kabisa, hujafunga vizuri ule upanuzi wa dai ya pili. Ukitoka katikati ya ganda, pale kitako cha kichwa kilipofika, shida ni wadkata kuzama hadi sehemu ya ganda yenye kuta nene. Hiyo hutokea kwa baadhi ya maganda tu, ndiyo maana mbili kati ya sita. Soma maandishi ya kitakoni. Nina hakika karibu kabisa kwamba hizo mbili ni za kiwanda tofauti na zile nne.

Tena dai ya tatu inaweka kichwa na kubana kwa mpigo mmoja. Zitenganishe. Weka vichwa vyote kwanza dai ikiwa imeinuliwa isibane, halafu ipandishe pini ya kusukumia, shusha dai, bana vyote. Hatua ya ziada, lakini kichwa hakisukumwi tena wakati mdomo umeshauma madini yake.

Kibo_Texas

Maganda hayo mawili kweli yana maandishi tofauti, na wino umetoka katikati.

ChumaBaridi

Yatenge kwa vichwa vya mviringo ambavyo havizami sana. Na kwenye karatasi ya sanduku andika ganda la nani, kichwa, baruti na namba ya kopo, dozi, fataki, tarehe, na baada ya kronografu ongeza mwendo. Fungu la kwanza jaza 10 tu, kwa kiwango cha chini cha kitabu, upige kabla ya kujaza nyingine.

MzeeWaMizani

Na ukimaliza kujaza rudisha baruti ya tangi la kipimio kwenye kopo lake siku hiyo hiyo. Ikilala humo, kesho utakuwa unakisia ni ipi, na iliyokisiwa inamwagwa bustanini.